Vita Vimekwisha, Mwili Haujapata Habari



Karibu kila parokia ya nchi yetu ina mzee mmoja au wawili ambao watu huwaita "mwanajeshi" ingawa walivua sare miaka mingi iliyopita. Wengine walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Wengine walikuwa mgambo waliochukuliwa vijijini mwaka 1978, wakafundishwa, wakapelekwa Kagera. Tunawaona kwenye Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wakiwa wamesimama wima. Tunawaona pia siku nyingine wakiwa katika hali nyingine: hawalali, wanafoka kwa jambo dogo, wanakunywa kupita kiasi, hawakanyagi kanisani. Makala hii inahusu siku hizo nyingine.

Sisi tunaoandika ni mafrateri watatu. Wakati wa likizo tulitumwa Mbaha, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa kazi za kichungaji. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa muhogo. Mchana dagaa wameanikwa, usiku taa za mitumbwi zimetapakaa ziwani kama mji wa pili. Ukikaa pale wiki moja unaweza kudhani kwamba vita ni jambo la mbali. Lakini mwambao huu unavijua vita. Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann pale Liuli, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza Ulaya. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walipelekwa hadi Burma na jeshi la King's African Rifles. Kisha ikaja Kagera.

Swali la mama mmoja

Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma wengine walipoondoka. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Mafrateri, ninyi mnasoma. Niambieni. Mtu akishaungama, dhambi inarudi usiku?"

Alikuwa anamsemea mumewe. Tunasimulia habari hii kwa ruhusa yao wote wawili, na tumebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Mzee huyo alichukuliwa mgambo akiwa kijana. Alivuka mpaka pale Mtukula, akapita Masaka, akawa Lukaya mwezi Machi 1979. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa ngoma na vigelegele. Tangu hapo hajalala kitandani usiku mzima. Hulala ameegemea ukuta, uso umeelekea mlango. Vijana wakilipua fataki za Krismasi, yeye huteremka ziwani na kukaa kwenye mawe mpaka kunakucha. Mkewe alijifunza mapema kutomwamsha kwa kumgusa. Humwita kwa jina, naye akiwa amesimama mbali, mlangoni.

Majirani wana maelezo yao. Wapo wanaosema kwamba wale waliouawa wanamfuata, kwa hiyo inatakiwa tambiko. Wapo waliotaka kuleta kikundi cha maombi kije kimtoe pepo. Wapo wanaosema ni pombe tu. Lakini neno zito zaidi alilisema mzee mwenyewe tulipomtembelea. Alisema kwamba aliungama mambo ya vita zaidi ya mara moja, kwa mapadre tofauti, na kila mara alipewa ondoleo. Ndoto zikaendelea. Basi akahitimisha kwamba Mungu hakuipokea toba yake, akaacha kukomunika. Ilikuwa imepita miaka mingi.

Angalieni hatari iliyopo hapo. Mtu mwenye imani, anayeipenda Ekaristi, amejiweka mbali nayo kwa sababu moyo wake unadunda usiku. Ameusoma mwili wake kama hukumu ya Mungu. Tuliporudi seminarini tulitafuta maandishi ya madaktari waliochunguza askari wastaafu, tukiwa na swali la mama yule mkononi.

Mwili unavyopiga mbiu

Tuanze na jambo analolijua kila mtu wa mwambao. Mtu anachota maji, ghafla anaona mamba. Kabla hajafikiri lolote, ubongo umekwisha kupiga mbiu. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hukimbia, misuli hukaza, macho hufunguka, usingizi na njaa hutoweka. Mtu huyo anaweza kuruka mahali ambapo siku ya kawaida asingethubutu. Hiki ni kipawa cha Muumba, na bila hicho wengi wetu tusingekuwa hai.

Baada ya dakika kadhaa inafuata homoni ya pili, kotisoli. Hiyo huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu. Ina kazi nyingine pia, na ndiyo inayotuhusu zaidi hapa. Husafiri na damu hadi kwenye ubongo na kuupa habari kwamba mbiu imesikika, sasa inatosha. Ubongo ukipata habari hiyo hupunguza amri zake, na mtu hutulia polepole. Kotisoli ni kama mjumbe anayerudi kijijini kutangaza kwamba mamba amekwenda zake.

Adrenalini hufanya jambo lingine: hukaza kumbukumbu. Tunasahau tulichokula juzi, lakini hatusahau siku tuliyonusurika kufa. Hilo nalo ni jema, maana linatufundisha kuepuka hatari. Ila kwa mtu aliyeishi miezi mingi chini ya mabomu, kumbukumbu hukazwa mno. Harufu ya moto au mlio wa fataki huirudisha nzima, na mwili hautambui kwamba jambo hilo ni la mwaka 1979. Unalipokea kama la leo.

Walichokiona kwa askari wastaafu

Hali hii ilikuwapo tangu zamani, na kila vita viliipa jina lake. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi katika kitabu chao cha kutambulia magonjwa. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita msongo baada ya kiwewe. Uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba, zaidi ya miaka 10 baada ya vita vya Vietnam, wanaume wapatao 15 katika kila 100 waliopigana huko walikuwa bado nayo. Kwa hiyo si wote wanaopatwa, na anayepatwa si mdhaifu kuliko mwenzake.

Watafiti walitegemea kukuta kotisoli nyingi katika miili ya askari hao. Watu wenye msongo mkubwa na sonona mara nyingi huwa nayo nyingi. Mwaka 1986 John Mason na wenzake, katika hospitali ya wapiganaji wa zamani huko Connecticut, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wagonjwa wao. Wenye kiwewe cha vita walikuwa na kotisoli kidogo kuliko wenye sonona. Wakati huohuo homoni za upande wa adrenalini zilikuwa juu.

Mtafiti Rachel Yehuda aliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Aliwapa askari wastaafu dozi ndogo ya dawa inayofanana na kotisoli, akaangalia mwili utafanya nini. Kwa kila mtu dawa hiyo hufanya mwili upunguze kotisoli yake wenyewe. Kwa wenye kiwewe ilishuka zaidi kuliko kwa askari waliopigana lakini hawakupata kiwewe. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba mwili wao umekuwa mwepesi mno kumzuia mjumbe. Mbiu inapigwa kwa nguvu zote, lakini anayetakiwa kutangaza kwamba hatari imepita anazuiwa njiani.

Tuwe wakweli: tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Baadhi zilikuta kotisoli ya kawaida. Hakuna kipimo cha damu wala mkojo ambacho daktari anaweza kukitumia kusema huyu ana kiwewe na yule hana. Ugonjwa hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa. Lakini jambo moja linasimama imara: kukosa usingizi, kushtuka na hasira za mzee wetu zina mizizi katika mwili, kama vile malaria na kisukari.

Karibu na kwetu

Msidhani kwamba habari hizi ni za Wamarekani tu. Nchini Rwanda watafiti walichunguza akina mama 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pamoja na watoto wao, na kuwalinganisha na akina mama 25 wa umri huo ambao hawakuyapitia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Akina mama walioyapitia walikuwa na kotisoli kidogo, na watoto wao vilevile, ingawa watoto hao hawakuona kwa macho yao. Ni kundi dogo, na hatupaswi kulijengea mengi. Linatosha kutukumbusha kwamba nyumba nzima huibeba vita ya mmoja.

Kaskazini mwa Uganda, vijana waliotekwa na kulazimishwa kuwa askari wa waasi walirudi nyumbani na mizigo ambayo hawakuichagua. Vijana 85 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Baadhi yao walisaidiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao kwa utaratibu, na hali yao iliimarika kuliko ya wenzao. Waliowasaidia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa mahali pale, waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Kabla ya hapo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwahudumia wakimbizi wenzao kwa njia hiyo, nao walifaulu.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Kamba inanyooshwa sakafuni. Mwanzo wake ni kuzaliwa kwa mtu, na sehemu iliyobaki imekunjwa kwa sababu maisha bado yanaendelea. Mtu anaweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa mateso. Kisha, katika vikao kadhaa, anasimulia kuanzia mwanzo. Akifika kwenye jiwe hapiti mbio. Anasema alichoona, alichosikia, jinsi moyo ulivyodunda, alichofikiri, na ilikuwa wapi na lini. Msaidizi anamshika mkono, kwa maneno, mpaka avuke upande wa pili, ambako siku iliyofuata ilikucha. Kwa kufanya hivyo kumbukumbu inapata mahali pake na tarehe yake. Inaacha kuwa ya leo. Mashariki mwa Kongo njia hiyo ilitumiwa pia kwa wapiganaji wa zamani, na wao waliongezewa vijiti kwa ajili ya maovu waliyoyatenda wenyewe, ili nayo yasemwe.

Jambo hili haliwahusu wazee wa Kagera peke yao. Mwaka 2013 askari wetu 7 wa kulinda amani waliuawa Darfur. Desemba 2017 zaidi ya 10 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, na wengi wakajeruhiwa. Wenzao walirudi. Wana umri wa kuwa kaka zetu, na wako katika kwaya na jumuiya zetu.

Kuungama na kupona

Sasa turudi kwenye swali la mama. Je, dhambi iliyoungamwa inarudi usiku?

Hairudi. Kanisa linafundisha kwamba ondoleo la padre ni kweli na ni kamili. Kinachorudi usiku ni jeraha. Vitu hivi viwili vinaweza kuishi katika mtu mmoja kwa wakati mmoja: dhambi imefutwa kabisa, na jeraha bado liko wazi. Mlevi aliyetubu amesamehewa, lakini ini lake linahitaji daktari. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha. Basi neema haiuruki mwili. Inafanya kazi pamoja nao, na mwili una mwendo wake.

Tunaye mtakatifu anayelieleza jambo hili vizuri kuliko sisi. Kamilo wa Lellis alikuwa askari. Aliwatumikia Waveneti dhidi ya Waturuki, akapata kidonda mguuni, akazama katika kamari mpaka akapoteza kila kitu. Aliongoka mwaka 1575. Alipojaribu kuwa mtawa Mkapuchini, kidonda kilimtoa. Hakikupona siku alipotubu, wala alipopewa daraja la upadre, wala alipoanzisha shirika la kuhudumia wagonjwa. Alikufa nacho mwaka 1614. Hakuna anayethubutu kusema kwamba Mungu hakumsamehe Kamilo. Ndiye leo msimamizi wa wagonjwa na hospitali. Hata Bwana wetu mfufuka aliwatokea wanafunzi wake akiwa na alama za misumari.

Vipi kuhusu pepo? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatenganisha waziwazi: ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya sayansi ya tiba, na kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Kupunga pepo kwa ibada rasmi kunahitaji ruhusa ya askofu. Kikundi kinachomzunguka mzee usiku na kumpigia kelele za maombi kinaweza kumrudisha Lukaya.

Hatusemi kwamba kila kitu ni homoni. Askari anaweza kuwa na hatia ya kweli, kwa jambo alilolitenda au aliloshindwa kulizuia, na hatia hiyo haitibiwi kwa vidonge. Huyo anahitaji padre. Anaweza pia kuwa na majonzi ya rafiki aliyemwacha njiani. Huyo anahitaji Misa ya marehemu na watu wa kulia naye. Mchungaji mwema huuliza kwa upole ni kipi kati ya hivi, na mara nyingi hukuta vyote vitatu vimefungwa pamoja.

Mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu

Ndugu seminari, tusijifanye waganga. Kumlazimisha mtu asimulie yote kwa siku moja hakumkingi na ugonjwa, na kunaweza kumuumiza. Kusikiliza kwa utaratibu ni kazi ya watu waliofundishwa. Kazi yetu ya kwanza ni kumsindikiza mgonjwa hadi kituo cha afya, na kutoka hapo hadi kwa muuguzi au daktari wa afya ya akili. Zipo dawa zinazosaidia, na zipo njia za mazungumzo kama ile ya kamba na mawe. Mtu akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali bila kusubiri.

Ndugu waamini, yapo mambo madogo ambayo jumuiya inaweza kuyafanya bila daktari. Vijana waambiwe kwamba fataki zina gharama kwa jirani, au angalau mzee aambiwe mapema saa zitakapolipuliwa. Asiguswe akiwa usingizini. Kanisani aachiwe nafasi karibu na mlango, bila kuulizwa kwa nini hakai mbele na wazee wenzake. Mkesha wa Pasaka, kabla taa hazijazimwa, katekista amnong'oneze. Akinywa kupita kiasi asitungiwe jina la utani. Mkewe naye aulizwe habari zake, maana amekesha miaka yote hiyo bila nishani.

Kule Mbaha tulimjibu mama kama tulivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi, na baadaye tulikaa na mzee tukamweleza habari za yule mjumbe anayezuiwa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: je, na padre analijua hili? Paroko alikwenda kumwona. Hawajatuambia walichozungumza, na hatukuuliza. Tunajua kwamba ndoto hazijakoma. Tunajua pia kwamba Dominika iliyofuata alipanga mstari wa Komunyo, wa mwisho kabisa, akiwa ameshika fimbo.

Tunawaomba maparoko na viongozi wa kanda walifikirie pendekezo moja. Tarehe 25 Julai Misa iwakumbuke waliolala Kaboya na makaburi mengine ya mashujaa, na nia moja itajwe wazi kwa ajili ya waliorudi wakiwa hai na bado wanapigana usiku. Baada ya Misa, mtu mmoja katika kila jumuiya apewe jukumu la kuwatembelea. Aende bila maswali mengi, abishe hodi kwa sauti, ataje jina lake, na asubiri mlangoni mpaka akaribishwe.